Meno na Mnyororo: Kuchagua Gia za Baiskeli ya Kujiundia



Wako watu wengi wanaojiundia baiskeli kwa kukusanya vipuri huku na huku: fremu kuukuu, magurudumu mapya, na mnyororo wowote uliopatikana dukani. Jambo hilo si baya, lakini lina sharti lake. Sproketi ya mbele, sproketi ya nyuma na mnyororo hufanya kazi moja, nazo sharti zipatane. Zisipopatana, mnyororo huruka mahali pabaya kabisa, yaani mlimani, mwendeshaji akiwa amesimama juu ya pedali na mzigo uko nyuma yake.

Kwanza, ifikirieni kazi ya baiskeli. Hesabuni meno ya mbele, mkayagawanye kwa meno ya nyuma. Meno 48 kwa 16 ni mara 3. Basi pedali zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara 3, na baiskeli ya magurudumu ya inchi 28 huenda kama meta 6.7. Hiyo yafaa nchi tambarare. Meno 44 kwa 22 ni mara 2, kama meta 4.5 tu, lakini mwenye gunia la viazi ataupanda mlima. Mwenda pole hajikwai.

Pili, pimeni upana. Minyororo ya siku hizi, karibu yote, ina nusu inchi toka pini hata pini. Inayohitilafiana ni nafasi ya ndani. Ule wa gia moja kwa kawaida una thumni ya inchi. Wa gia nyingi ni mwembamba zaidi. Mnyororo mpana waweza kupita juu ya meno membamba, bali mwembamba hauwezi kukaa juu ya meno manene.

Tatu, atakaye gia nyingi na azidi kuangalia. Sproketi za nyuma zikiwa 9, mnyororo na kishikio cha kubadilishia gia viwe vya 9. Kifaa cha kuhamisha mnyororo kina kiasi chake cha meno, kilichowekwa na watengenezaji. Mbele mkiwa na 46 na 30, tofauti ni 16; nyuma mkiwa na 34 na 11, tofauti ni 23; jumla 39. Kifaa kisichofikia 39 msikinunue.

Mwisho, jihadharini na vipuri vilivyotumika. Pini 24 zinazofuatana baada ya ile ya kwanza zapasa kutimiza inchi 12 kamili. Urefu ukizidi kwa nusu ya thumni, badilisheni mnyororo. Ukizidi thumni nzima, yaelekea hata meno ya nyuma yamekwisha, na mnyororo mpya utaruka juu yake.

Basi, kabla ya kutoa fedha, chukueni rula na karatasi, mhesabu na kuandika. Fundi aweza kufunga kila kipuri mahali pake, lakini hawezi kuyapatanisha yasiyopatana.