Kikohozi Kisichokoma: Chanzo cha Kifua Kikuu na Kazi Yake Mwilini

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka. Yachapishwa hapa kwa agizo la Halmashauri.)



Mimi si daktari. Niliyo nayo ni haya niliyojifunza kwa kuugua kifua kikuu, na kwa kuwauliza matabibu na wauguzi walionitibu.

Nilikohoa miezi minne kabla ya kwenda kupimwa. Kwanza nilisema ni vumbi la Jogoo Road, kisha nikasema ni baridi ya mwezi wa Julai. Nikanunua dawa ya kikohozi dukani, chupa baada ya chupa. Usiku nililowa jasho hata shuka ikawa ya kukamuliwa, na suruali ikanilegea kiunoni. Sikumwambia mtu, kwa kuwa niliogopa kukimbiwa na majirani. Nilipopimwa hatimaye, mtoto wangu wa miaka mitatu alikuwa ameambukizwa tayari, naye anaugua. Sote wawili tumepona, namshukuru Mungu. Lakini miezi ile minne ya kunyamaza ndiyo inayonisimamisha hapa leo.

Wazee wangu, twasikia sababu nyingi za maradhi haya. Wengine husema huletwa na baridi au mvua. Wengine, wakiona baba ameugua, kisha mwana, kisha shangazi, na wote ni wa nyumba moja, husema ni ugonjwa wa ukoo au kazi ya mchawi. Waliyoyaona kwa macho ni kweli, ila sababu yake ni nyingine. Tarehe 24 Machi 1882, daktari Robert Koch aliwaeleza mabingwa wenzake mjini Berlin kwamba amekigundua kijidudu kiletacho kifua kikuu. Kijidudu hicho hakirithiwi. Hutoka katika mapafu ya mgonjwa akohoapo, apigapo chafya, asemapo au aimbapo. Huelea hewani, na mtu mwingine akakivuta. Basi wanaoshiriki hewa ya chumba kimoja ndio wanaoambukizana. Sahani, kikombe na kupeana mikono havileti maradhi haya.

Kikishafika ndani ya mapafu, askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, hukizunguka na kukifunga kama mfungwa gerezani. Kwa watu wengi hubaki kifungoni maisha yao yote. Wataalamu wakadiria kwamba robo ya watu wa dunia wamepata kuambukizwa, lakini kati ya 100 walioambukizwa, wanaougua ni 5 hadi 10 tu. Gereza hubomoka askari wanapokuwa dhaifu: kwa njaa, kwa virusi vya UKIMWI, kwa ugonjwa wa sukari, kwa pombe nyingi na kwa tumbaku. Watoto wadogo nao wamo hatarini, kwa maana askari wao bado hawajakomaa. Ndipo vijidudu huongezeka na kuharibu nyama ya mapafu hata kuacha mashimo. Mshipa wa damu ukitoboka, mgonjwa hutema damu. Vita hivyo vya mwilini ndivyo viletavyo homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Aidha, vijidudu huweza kusafiri katika damu hadi kwenye tezi, uti wa mgongo, na hata ubongo.

Sasa tutazame makazi yetu. Katika zama za ukoloni, vyumba vingi vya Eastlands vilijengwa kwa hesabu ya mwanamume mmoja aliyekuja mjini kufanya kazi, wala si kwa mke na watoto. Mpaka leo jamaa nzima hulala katika chumba kimoja, nao wageni kutoka nyumbani hawakosi. Na huko Pipeline na Huruma, majumba ya ghorofa yamesongamana hata vyumba vingine havioni jua mchana kutwa. Usiku twafunga dirisha kwa kuogopa wezi na baridi, na hewa ile ile yavutwa na kila mtu hadi alfajiri. Baridi haikuzaa kijidudu. Dirisha lililofungwa kwa ajili ya baridi ndilo lililokisaidia. Hewa ipitayo hukitawanya, na mwanga wa jua hukiua.

Habari njema ni kwamba maradhi haya yana dawa. Zamani mgonjwa alitibiwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Katika miaka ya 1970, uchunguzi uliofanywa hapa hapa Afrika ya Mashariki, wagonjwa wa Kenya wakiwemo, ulionyesha kuwa dawa za miezi 6 zaweza kutosha. Kwa kawaida mgonjwa hunywa dawa za namna 4 kwa miezi 2, kisha za namna 2 kwa miezi 4. Akizinywa sawasawa, aghalabu haambukizi tena baada ya wiki chache. Lakini akiziacha kwa sababu amepata nafuu, vijidudu vilivyosalia huweza kuwa sugu, na tiba yake huwa ngumu zaidi.

Bwana Mwenyekiti, naomba mambo matatu.

Kwanza, mtu yeyote mwenye kikohozi cha wiki mbili aende akapimwe makohozi katika kituo cha afya cha serikali, na akionekana ana maradhi, watu wote wa nyumba yake wapimwe pia.

Pili, kila mtaa uchague wazee wawili wa kumsindikiza mgonjwa na kumtembelea hadi amalize dawa. Majirani wakimwona mzee ameketi chumbani kwa mgonjwa, dirisha likiwa wazi, watajua kwamba hapana sababu ya kumtenga.

Tatu, na hili ndilo kubwa: fedha zetu nyingi hutumika kusafirisha maiti hadi nyumbani. Ni desturi njema, wala sisemi iachwe. Lakini dawa za kifua kikuu hutolewa bure na serikali. Kinachomshinda mwenzetu ni nauli, unga, na vibarua anavyokosa kwa kuugua. Naomba tutenge sehemu ya mfuko kwa ajili hiyo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha, na aliyelipa ni mtoto. Tusingoje kumchangia mwenzetu jeneza, hali tungaliweza kumchangia nauli ya kwenda kupimwa.