MIELEKA YA MTU ALIYE CHINI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Lushoto)



Nimetakiwa nieleze habari za mieleka iitwayo jujitsu ya Kibrazili, kwa sababu vijana wetu wameomba ukumbi wa chama ili wajifunze. Najua ya kuwa baadhi yenu mmeuliza: Je, yafaa karani, mtu wa kalamu na daftari, kugaagaa chini kama mtoto? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu. Lakini kwanza na tuufahamu mchezo wenyewe, maana si vema kulikataa jambo kabla ya kulijua.

Jujitsu ni neno la Kijapani, na maana yake ni ustadi wa ulaini, yaani kutoshindana na nguvu kwa nguvu. Wazee wetu walikwisha kulisema jambo hili kwa maneno matatu tu: Mwenye nguvu mpishe. Mwaka 1882 mwalimu Jigoro Kano alifungua shule ya Kodokan huko Tokyo, akachagua katika mbinu za kale zile zilizofaa, akauita mchezo wake judo. Mtu mmoja wa shule ile, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka 1914, na kwa njia yake elimu hiyo ikamfikia kijana Carlos Gracie katika mji wa Belém. Carlos na ndugu zake wakafungua chuo Rio de Janeiro. Mdogo wao Hélio alikuwa mwembamba wa mwili, naye akazidi kuzitengeneza zile mbinu zimfaazo mtu dhaifu aliyekwisha kuangushwa. Mwaka 1993 mwanawe, Royce, aliwashinda watu watatu kwa usiku mmoja katika mashindano ya Denver, Marekani, na wote walimzidi uzito. Wala kwetu jamaa ya mchezo huu si mgeni: judo huchezwa Zanzibar, na mwaka 2024 Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha Tanzania katika judo kwenye Olimpiki ya Paris.

Sasa tuziangalie mbinu zenyewe. Ya kwanza ni kumpiga mtu mwereka. Watu wengi hudhani ya kuwa kazi hii ni ya mikono yenye nguvu, sivyo. Hapana mtu aangukaye akiwa amesimama sawasawa. Kwanza umvute au umsukume hata alazimike kupiga hatua, na katika hatua hiyo, uzito wake ukiwa mguu mmoja, ndipo umpige ngwara, au uiname kwa magoti, mgongo ukiwa wima na kichwa juu, umshike nyuma ya magoti mawili na kumsukuma kwa upande. Lakini kabla ya kujifunza kuangusha, mwanafunzi hufundishwa kuanguka: kidevu kifuani, mgongo mviringo, na viganja kupiga sakafu. Asinyoshe mkono kuizuia ardhi, maana hapo ndipo mkono uvunjikapo. Sisi tukaao katika milima hii, penye njia za utelezi wakati wa masika, tungefaidiwa na somo hilo peke yake.

Mbinu ya pili ni kujinasua. Tuseme umeangushwa, na adui amekukalia kifuani. Mtu asiyefundishwa hufanya moja katika mambo mawili: humsukuma kwa mikono iliyonyoka, na mkono huo hukamatwa na kukunjwa kiwikoni, au hugeuka kifudifudi ili akimbie, na hapo hupigwa kabari kwa nyuma. Aliyefundishwa huweka viwiko karibu na mbavu, akatulia, akapata pumzi. Kisha humshika adui mkono mmoja, na kwa mguu wake akaufunga mguu wa adui wa upande ule ule, ili asipate nguzo ya kujizuia. Ndipo huinua kiuno kwa nguvu na kumpindua juu ya bega la upande huo. Ikiwa adui ni mzito mno, hulala ubavu, akasogeza kiuno nyuma kama kamba wa baharini ajikunjavyo, akapata nafasi ndogo, akaingiza goti. Nafasi hiyo ndogo huzaa nyingine, hata mwisho miguu yake yote miwili imekuwa kinga kati yake na adui.

Mbinu ya tatu ni kuivuka kinga hiyo, ikiwa wewe ndiwe uliye juu na mwenzako amekuzuia kwa miguu. Ukijitupa mbele kwa pupa utashikwa kichwa na mkono, nawe utakabwa kwa miguu yake. Kaa wima, viwiko ndani, uifungue miguu yake, uyashike magoti, kisha uzunguke pembeni na kumwekea uzito wa bega kifuani. Barabara itokayo Mombo kuja kwetu haikuukabili mlima usoni. Imeuzunguka pole pole, na kwa sababu hiyo imefika.

Katika mashindano, kuangusha hupewa alama 2, kuivuka kinga alama 3, na kumkalia mtu kifuani alama 4. Lakini yule aliyejinasua kutoka chini ya kifua cha adui hapewi hata alama moja. Nawaomba mlifikiri jambo hili. Kazi ngumu kupita zote haina alama, wala watazamaji hawaipigii makofi. Lakini asiyeiweza hana mchezo, kwa kuwa kila mtu, hata awe hodari namna gani, iko siku atakuwa chini. Sisi makarani twaelewa. Hapana asifiwaye kwa sababu jalada halikupotea, wala kwa hesabu iliyorekebishwa kabla ya mkaguzi kufika. Lakini ofisi husimama kwa hayo.

Liko na jambo la mwisho, nalo ndilo msingi wa usalama. Mtu akishikwa barabara, humpigapiga mwenzake kwa kiganja, na mwenzake humwachia mara moja. Asipofanya hivyo, kiungo huvunjika. Au, akiwa amekabwa mishipa ya shingo, huzimia kwa sekunde chache. Tarehe 23 Oktoba 1951, huko Rio de Janeiro, Hélio Gracie mwenyewe alishikwa mkono na Masahiko Kimura wa Japani. Mkono ukavunjika, naye akakataa kukiri, hata Carlos akausimamisha mchezo. Wengi wamemsifu kwa ushujaa wake. Mimi naona ya kuwa vijana wetu wafundishwe kinyume chake: Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Basi nalijibu swali la heshima. Mtu akubaliye kushindwa mara kumi katika jioni moja, kisha akampa mwenzake mkono, hana haja ya kutafuta ugomvi njiani ili ajionyeshe. Na kama akivamiwa, atajua namna ya kujinasua na kwenda zake, maana shabaha ya kujinasua ni kuondoka, wala si kulipiza. Elimu hiyo yawafaa na binti zetu, pengine kuliko sisi, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwepesi aliyelemewa na mzito.

Kwa hiyo nashauri tuwape ukumbi, kwa masharti matatu. Kwanza, apatikane mwalimu aliyefundishwa, wala mtu asijifunze kukaba kwa kutazama picha. Pili, sakafu itandikwe magodoro imara yaliyofunikwa turubai. Tatu, atakayechelewa kumwachia mwenzake aliyekiri, hata mara moja, atolewe, awe mtoto wa mwanachama yeyote, pamoja na wangu.

Bwana Mwenyekiti, naacha shauri hili mikononi mwa mkutano.