Msagaji wa Ngitili

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliofunga maduka na kuacha maduara leo, na ninyi wahitimu: mwangaluka!

Pilau linanukia, kwa hiyo nitawasimulia habari za ndege mmoja tu. Ni mdogo kuliko shomoro, mweusi na mweupe, jicho la njano, na hadi leo utamkuta kwenye migunga ya ngitili zetu, vichaka tulivyovitenga kwa malisho. Wataalamu humwita *Batis molitor*. *Molitor* ni Kilatini: msagaji. Kumbe ukanda huu wa karasha za kusaga mawe ya dhahabu una msagaji mwingine, tena asiyedaiwa leseni! Jina lake la Kiingereza limetokana na baka la rangi ya kutu kidevuni. Baka hilo analo jike peke yake. Dume kabebwa tu.

Jenasi ya *Batis* ilipewa jina na Mjerumani Friedrich Boie mwaka 1833. Ina spishi karibu 20, zote za Afrika. Kwa miaka mingi ziliwekwa kapu moja na wakamata nzi wa Ulaya na Asia, kisa wote hudaka wadudu. Ni sawa na kusema kila mwenye sururu Geita ni wa ukoo mmoja. Vinasaba vilipopimwa, ndugu zao wakaonekana ni vanga wa Madagaska, na leo wana familia yao, Platysteiridae.

Marudio mnayajua. Mwenye duara kaosha mchanga, kaona umekwisha, kauza. Mwenzake anauchenjua, anatoka na dhahabu. Mwaka 2006 watafiti Jon Fjeldså, Rauri Bowie na Jacob Kiure walifanya marudio ya ndege. Batis wa misitu yetu ya mashariki alijulikana tangu 1889 kwa jina moja, *Batis mixta*. Wao wakampima upya, wakakuta spishi mbili. Wa Udzungwa na Ukaguru wakamwita *crypta*, aliyefichika. Hakuwa amejificha, jamani. Watu walimwona, wakamwandika kwa jina la mwenzake.

Shinyanga nayo iliwahi kuandikwa jangwa. Miti ilifyekwa ili kumaliza mbung'o na kulima pamba. Kuanzia 1986, mradi wa kuhifadhi ardhi, HASHI, ukawarudisha watu kwenye ngitili za mababu, na vichaka vikarudi.

Wazee wa meza za nyuma, mliochunga humo utotoni: huyu msagaji kwa Kisukuma anaitwaje? Nipeni jina kabla ya pilau, na wahitimu waliandike.