Hadithi Iko ya Mwenyewe: Maneno ya Kufungua Usiku wa Kusimulia, Lubumbashi

Tumepewa dakika chache mbele ya mtu wa kwanza kupanda jukwaani. Tunajua hamkuja kutusikiliza sisi. Sisi ni wale mnaotukuta ku mlango: mashomeri wenye diploma. Wengine tulisoma sheria, wengine sosholojia, mmoja agronomia, na kazi hakuna, basi jioni tunakuwa na wakati.

Kwa wale wanaofika mara ya kwanza: leo watu sita watasimama hapa. Kila mmoja ana dakika nane, anasema jambo lililompata yeye mwenyewe, kwa mdomo, bila karatasi. Wengi ni watu wanaopenda wenzao wa jinsia moja, ao watu transi. Wengine hapana. Mara iliyopita mama mmoja alisimulia juu ya mtoto wake, na sali nzima ilinyamaza mupaka tukasikia mvua ku mabati. Ku mlango hatuulizi mtu yeye ni nani. Hakuna mahubiri hapa, na hakuna kumwekea mtu mikono kichwani ili pepo imutoke. Kama uko na hamu ya kuombea mtu, ombea sisi tupate kazi.

Sasa, kile kikapu. Tunaomba kila telefone iingie mle, imezimwa. Kuna waliokasirika ku mlango, wanasema tunawachukua kama watoto. Acheni tueleze.

Katika moja ya jioni zilizopita, kijana mmoja alisimulia namna alivyoishi miaka miwili na mpenzi wake, majirani wakijua ni kaka na mdogo wake. Alisimulia vizuri, watu walicheka, wakalia. Kulikuwa mtu aliyechukua video, kipande kidogo tu. Hakuwa adui. Alipenda ile hadithi, njo alitumia rafiki yake mmoja. Rafiki naye alipenda, akatumia mwingine. Siku ya nne video ilifika kwa mwenye nyumba. Kijana alipewa siku tatu ya kutoka mu parsela, na garanti ya nyumba hakurudishiwa. Mukubwa wake aliacha kupokea simu zake. Alilala kwa mmoja wetu, kisha kwa mwingine, kisha akaondoka mjini. Ile sauti ingali inatembea mu matelefone, yeye mwenyewe hayuko tena hapa kuisimulia.

Njo maana tunasema na ninyi, wasikilizaji. Wenye kupanda hapa walikwisha kupima hatari yao, hatuna cha kuwafundisha. Watu wanaotuchukia wako nje, tunawajua, tunawaona wakikuja. Lakini mtu anayeweza kumuharibia mwenzake usiku huu ako amekaa mu kiti, ako anapiga makofi, na ana moyo mzuri. Ukitoka hapa na hamu ya kumwambia dada yako, «nilisikia kitu cha ajabu», mwambie wewe ulijisikia namna gani. Jina, kartye, shule, kazi ya baba yake, ile kovu ya ku shavu: ile yote iko ya mwenyewe. Mji huu ni mkubwa, lakini kwa mambo ya kusengenya ni avenyu moja tu.

Kuna wandugu wa harakati wanatuuliza: «Kwa nini mnapoteza nguvu mu hii? Kwanza maji, kwanza usalama, kwanza kazi.» Tunawaheshimu, tumetembea nao barabarani. Ila yule aliyefukuzwa mu parsela naye anachota maji, naye anatafuta kazi. Kifungu cha 12 cha Katiba ya 2006 kinasema Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria. Hakikuongeza «isipokuwa». Kifungu cha 31 kinalinda maisha ya siri ya kila mtu. Tukidai vifungu hivi siku polisi inatukamata sisi, halafu tunavifunika siku jirani anapigwa, Leta itatucheka, na itakuwa na haki.

Tuseme na ukweli wote, maana wengi hapa wanaambiwa uongo kwa pande mbili. Ndoa, kifungu cha 40 kinaiandika kati ya watu wa jinsia tofauti. Kwa upande mwingine, kitabu chetu cha sheria za makosa hakina kifungu kinachotaja mapendo ya jinsia moja kuwa kosa. Mu 2010 pendekezo la kuyafanya kosa lilipelekwa bungeni, halikupita. Kile wanachoweza kukutupia ni kifungu cha 176, cha kuvunja maadili mbele ya watu. Ni maneno mapana, yanaingia ku kila mlango. Hata kifungu cha 25 cha Katiba, kinachotupa haki ya kukutana kwa amani, kimewekewa mupaka wa «maadili mema». Njo maana tunafunga mlango saa kumi na mbili na nusu, hatuchomi makelele, na hakuna pombe inayouzwa. Haya ni akili tu ya watu wanaojua kifungu kimekaa namna gani.

Kusimulia hakukutoka Ulaya, hata kama watasema. Lubumbashi imelelewa na tamthilia ya Mufwankolo, kwa Kiswahili chetu hiki, mambo ya ndoa, deni na uchawi yakiwekwa mbele ya watu wote. Waluba wana kasala: mtu anatajwa kwa jina lake, la wazazi, la mababu, mupaka anasimama wima. Lakini mu masketi mengi tuliyokulia nayo, mwanaume anayetembea kwa kuyumba kiuno anawekwa ili tucheke. Hajapewa hata siku moja dakika nane za kusema yeye mwenyewe. Leo anapewa. Na jina anachagua: la kuzaliwa, la bandia, ao hakuna. Matusi ya barabarani usimuite nayo, hata kama yeye mwenyewe anayatumia kwa mchezo.

Na kuna mfano wa karibu. Nairobi, kuanzia 2013, kundi la wasanii la The Nest lilikusanya hadithi za watu kama hawa, bila kuandika majina. Kutokea mle walitoa filamu, Stories of Our Lives: hadithi tano fupi, zikichezwa na waigizaji. Ilionyeshwa Toronto mu Septemba 2014, Oktoba ikakatazwa Kenya, na mwaka uliofuata ikapata tuzo Berlin. Waliotengeneza walificha majina yao kwanza, kisha watatu wakajitokeza, kwa kupenda wenyewe. Tunapenda ile namna: hadithi ilienda mbali kwa sababu iliombwa, haikuibwa. Kama kuna mtu hapa anataka yake irekodiwe, akuje kwetu kesho, si leo, alale kwanza juu yake.

Yaliyobaki ni madogo. Msimuliaji akinyamaza katikati, mungojee. Akishuka bila kumaliza, mpigie makofi vilevile. Kisha hakuna maswali, hata yale ya huruma. Kutoka, tunatoka wawili wawili, mbele ya saa mbili, wakati taxi zingali. Ukikutana na msimuliaji kesho ku soko, mbele ya mama yake, yeye njo anaamua kama mnajuana.

Kikapu kinapita mara ya mwisho. Yaya wa ku dirisha, na ile ya pili, tafadhali, tumeiona. Aksanti.

Mwenye namba moja, panda.