Aibu za Mgeni Chomboni

Natumaini kila mtu amekaa mahali anaposikia vizuri, na daftari lake liko mbele yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne kabla hatujaanza: kafi, amari, nguzi, bamvua. Watu wa pwani wanayajua. Ninyi wengine msiwe na haraka, tutayafikia moja moja.

Leo tunazungumza habari za mtu mzima anayejifunza kuendesha mtumbwi au mashua, na makosa yake yanayowachekesha watu walio ufukoni. Huenda mtu akauliza, kwa nini mtu mzima? Mtoto je, hakosei? Mtoto wa pwani hukosea kila siku. Lakini yeye alianguka majini akiwa na umri wa miaka mitano, mahali ambapo maji yanamfika magotini, na hakuna aliyesimama kumtazama. Mtu mzima huanguka amevaa shati safi, mbele ya mashemeji. Ninyi mliokwisha kushika kalamu kwa mara ya kwanza mbele ya watoto wenu mnaijua haya hiyo kuliko mimi ninavyoweza kuieleza.

Kosa la kwanza hutokea kabla safari haijaanza. Mgeni wetu amesimama gatini. Anaweka mguu mmoja kwenye ukingo wa mashua, na mguu wa pili ungali gatini. Sasa fikirini. Mashua haikushikamana na nchi. Ukiisukuma, inakwenda. Na kinachoisukuma ni ule mguu wake mwenyewe. Mashua inajitenga polepole, miguu inapanuka, mgeni hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Hapo hata mtu mwenye huruma hucheka. Kisha, chubwi!

Dawa yake ni nyepesi. Mpe mwenzako mzigo kwanza, mikono iwe mitupu. Mtu mmoja aishike mashua karibu na gati. Kisha inama, shika ukingo, utie mguu katikati ya chombo, si pembeni, na ule wa pili uufuate mara moja. Usisimame kufikiri ukiwa nusu huku na nusu huko. Ukiisha kuingia, keti.

Neno hilo, keti, lina sababu yake. Jioni ya leo chukueni chupa tupu na ndoo ya maji. Jaribuni kuisimamisha chupa majini. Haitasimama, italala. Sasa tieni mchanga kidogo ndani yake, mwizibe, mwijaribu tena. Itasimama. Uzito uliokaa chini hukituliza chombo, na uzito uliokaa juu hukipindua. Mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi ni uzito uliokaa juu. Akisimama kumwonyesha mwenzake samaki, na mwenzake naye akasimama upande ule ule ili amwone, samaki atawaona wote wawili.

Kafi ndilo neno letu la kwanza. Ni kijiti chenye bapa cha kupigia maji, kifupi kuliko kasia, na hakifungwi chomboni. Mgeni hupiga kafi upande wa kulia kwa nguvu zake zote, na mtumbwi unageuka kushoto. Anahamia kushoto, unageuka kulia. Baada ya robo saa ametoka jasho, naye yuko pale pale, anazunguka kama kuku aliyefungwa mguu. Mkiwa wawili, mmoja apige upande huu na mwingine upande ule. Mkali wa kazi akae mbele, na mwenye akili ya njia akae nyuma. Huyu wa nyuma, kila anapomaliza kupiga, na aliache kafi majini kidogo, bapa limesimama wima kama usukani. Basi mtumbwi utanyoka.

Sasa amari. Amari ni kamba ya nanga. Nanga haitupwi kama jiwe la kumfukuzia mbwa, huteremshwa. Kuna aibu mbili hapa. Ya kwanza, mgeni aliyeagizwa kutia nanga huiinua juu ya kichwa, huirusha mbali kwa fahari, na amari yote inaifuata mpaka mwisho, kwa sababu hakuna aliyeufunga mwisho wake chomboni. Nanga imebaki chini na chombo kinakwenda zake. Ya pili ni ya ubahili wa kamba. Maji yana kina cha mita 4, naye anatoa mita 5 tu. Kamba inasimama wima, na kila wimbi linapoinua chombo, linaing'oa nanga. Nanga hushika inapovutwa kwa ubavu, ikilala chini na kuchimba. Kwa hiyo toa kamba walau mara tatu ya kina, na upepo ukiwa mkali, ongeza. Tena angalia unaposimama. Kamba iliyozungushwa sakafuni ni kitanzi, na nanga ikianza kushuka haimwulizi mtu kama mguu wake umo ndani.

Nguzi ni tundu dogo chini ya mashua. Mashua inapokuwa pwani, tundu hilo hufunguliwa ili maji yaliyokusanyika ndani yatoke. Kazi yake ni njema kabisa. Lakini kabla ya kushusha chombo majini, sharti lizibwe. Najua mmeshabashiri. Mgeni huishusha mashua, huwapungia watu mkono, na baada ya muda kidogo huanza kusema kwamba mawimbi ya leo yanarusha maji mengi. Hayo si mawimbi. Mabaharia wenye busara hukifunga kizibo kwa uzi karibu na tundu lake, wala hawakitii mfukoni.

Wenye mashine ya kuning'inia nyuma wana aibu zao pia. Iliyo ya kawaida mno ni hii. Mashine inawaka vizuri, inakwenda dakika chache, kisha inafifia na kuzimika katikati ya maji. Mgeni anavuta kamba ya kuwashia mpaka mkono unamwuma. Anailaumu mashine, anamlaumu fundi, anamlaumu muuza petroli. Kumbe juu ya kifuniko cha tangi kuna kiskurubu cha kupitishia hewa, naye hakukifungua. Petroli haiwezi kutoka ikiwa hewa haiingii kushika mahali pake. Hata kopo la mafuta ya kupikia hutobolewa matundu mawili, wala wanawake hawahitaji kuelezwa sababu.

Sasa tufike kwenye neno la nne, bamvua, na hapa nawaomba mvumilie, maana pana hesabu.

Kwenye pwani yetu bahari hujaa na kupwa. Tangu kujaa hata kupwa ni kama saa 6 na dakika chache, na tangu kupwa hata kujaa vivyo hivyo. Kwa hiyo kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Katikati ya nyakati hizo maji huenda kidogo tu, nayo huitwa maji mafu. Siku za bamvua, Mombasa na Unguja, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Hiyo ni zaidi ya urefu wa mlango wa nyumba.

Mwalimu, andika ubaoni: 300. Tuseme bahari itashuka sentimita 300 kwa saa 6. Je, itashuka 50 kila saa? Hapana. Mabaharia huligawa shuko hilo katika mafungu 12, na hapa fungu moja ni sentimita 25. Saa ya kwanza bahari hushuka fungu 1. Saa ya pili mafungu 2. Saa ya tatu 3, saa ya nne 3, saa ya tano 2, saa ya sita 1. Ni makisio tu, lakini yametosha kuwaokoa wengi na aibu.

Mgeni wetu amefika ufukoni wakati maji yamejaa. Anakiacha chombo mahali penye maji ya kiunoni. Anakaa saa moja kukitazama: maji yameshuka sentimita 25 tu. Anasema, kumbe bahari haina haraka, anakwenda kunywa chai. Chai ina maneno mengi. Anaporudi zimetimia saa tatu tangu maji yalipojaa. Hesabuni: 25, na 50, na 75. Jumla ni 150. Chombo kimelala ubavu mchangani, na watoto wanaokota kaa kando yake. Hawezi kukivuta, ni kizito. Itambidi angoje maji yashuke saa tatu nyingine, kisha yapande zaidi ya saa tatu. Zaidi ya saa 6! Na kama alikifunga gatini kwa kamba fupi, hali ni mbaya zaidi: chombo kinaning'inia kwa pua, na vyombo vyake vyote vimekwisha mwagika.

Jambo ninalotaka mlizingatie ni kwamba mgeni huyo huenda si mjinga wa maji hata kidogo. Huenda ni mvuvi hodari wa Mwanza au Kisumu, aliyevua miaka ishirini. Katika Ziwa Viktoria hakuna kujaa na kupwa kwa kuonekana, kwa hiyo alikuwa na haki ya kukiacha chombo chake pale alipokiacha. Naye mtu wa pwani akienda ziwani huwa mgeni vile vile. Hukuta mawimbi mafupi yanayofuatana upesi. Hukuta mashua yake imezama kidogo zaidi kwa mzigo ule ule, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Tena tufani za ziwani mara nyingi huja usiku na karibu na alfajiri, saa zile ambazo wavuvi wa dagaa wamo kazini. Uhodari wa mahali pamoja haupandi basi pamoja na mwenyewe.

Sasa nafika kwenye kosa ambalo halimchekeshi mtu. Mgeni haulizi. Anaona haya kuuliza maji yatapwa lini. Anaona haya kuvaa jaketi la kuokolea, kwa kuwa vijana hawakuvaa. Anaambiwa nafasi ipo, naye anaona wazi kwamba ukingo wa chombo umebakiza shibiri moja tu juu ya maji, lakini hasemi neno, asije akaitwa mwoga. Na kama hajui kuogelea, hiyo ndiyo siri kubwa kupita zote.

Wengine hujituliza kwa kusema, tunakwenda karibu tu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilikuwa kinatoka Bugolora, Ukerewe, kwenda kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Kilichukua zaidi ya 260. Kilipinduka kikiwa kimekwisha karibia gati la Ukara, mahali ambapo watu wa nchi kavu walikiona kwa macho. Walikufa watu zaidi ya 220. Safari ilikuwa fupi, na gati lilikuwa karibu.

Basi nawaombeni msome sentensi hii pamoja nami, kwa sauti, darasa zima. Mwalimu, iandike kwa herufi kubwa. "Bwana nahodha, mimi sijui kuogelea." Tena. "Bwana nahodha, mimi sijui kuogelea." Ina maneno matano tu. Isemwe chombo kingali gatini, si kilipokwisha tweka tanga. Nahodha mwenye adabu hatacheka. Atakupa jaketi, atakuketisha katikati, na atajua wa kumtazama kwanza. Akicheka, shuka, mngoje nahodha mwingine.

Na ikiwa chombo kimepinduka, shikamaneni nacho. Mtumbwi wa mti huelea hata ukijaa maji, na mashua iliyopinduka huonekana mbali kuliko kichwa cha mtu. Nchi kavu huonekana karibu kuliko ilivyo. Wengi hukiacha chombo ili waogelee, na nguvu zikawaishia njiani.

Limebaki jambo moja, nalo ni la kisomo chenu hasa. Saa za maji kujaa na kupwa huchapwa katika jedwali la mwaka mzima. Mna tarehe, saa, na urefu wa maji kwa mita. Mtu anayejua kusoma tarakimu anaweza kulisoma. Lakini jihadharini: jedwali huhesabu saa tangu usiku wa manane. Likiandika 16:00, mvuvi wetu husema saa 10 jioni. Likiandika 04:00, yeye husema saa 10 alfajiri. Na kweli, siku za bamvua maji ya pwani yetu hujaa karibu na saa 10.

Kazi ya nyumbani. Andikeni madaftarini: jedwali linasema leo maji yatajaa 16:20. Hiyo ni saa ngapi kwa hesabu yetu? Kesho jioni yatajaa saa ngapi? Na mtu aliyekifunga chombo chake leo maji yalipojaa, akarudi baada ya saa nne, atakuta bahari imeshuka sentimita ngapi, ikiwa shuko lote ni sentimita 240? Tutasahihisha pamoja wiki ijayo.