Dawa Zinazougusa Moyo: Kutoka China hadi Kanazi



Naomba kila mmoja aliyepo hapa Kanazi, mkoani Kagera, aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, atulie dakika moja. Kwa wengi wetu mapigo yatafuatana sawasawa. Wapo ambao watasikia mawili ya haraka, kimya, moja hafifu, kisha matatu mfululizo, bila mpangilio wowote. Mara nyingi hapo vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma. Damu inatuama na kuganda, na bonge lake likifika kwenye ubongo mtu anapata kiharusi. Kwetu Afrika Mashariki hali hii huwapata hata vijana, kwa kuwa homa ya baridi yabisi ya utotoni, ambayo huanzia kwenye koo, huacha makovu kwenye vali za moyo. (Waganga na wauguzi, waulizeni wagonjwa pia habari za pombe kama rubisi. Kunywa pombe nyingi siku moja tu kunaweza kuvuruga mapigo.)

Kati ya tiba zinazoigusa hali hii ipo ya Kichina, ambayo si ngeni nchini Tanzania: mwaka 1987 wataalamu wake walianza kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI pale hospitali ya Muhimbili. Kuhusu mapigo ya moyo, takriban miaka 1,800 iliyopita tabibu Zhang Zhongjing aliandika dawa ya mtu ambaye mapigo yake yanakatikakatika; kiungo kikuu ni mizizi mitamu ya gancao iliyokaangwa. Siku hizi China inayo Wenxin Keli, chembechembe za kukoroga kwenye maji, zilizotengenezwa kwa mimea minne na kaharabu. Baadhi ya majaribio yameonyesha nafuu, ila mengi yalikuwa madogo na hayakuendeshwa kwa umakini. Siwezi kumwambia mgonjwa aache dawa za hospitali kwa ajili yake. Wala siwezi kusema dawa za Kichina ni maji matupu. Gancao ikizidi hupunguza potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka, mapigo huharibika. Fuzi, mzizi mwingine wa huko, usipochemshwa vya kutosha unaweza kuusimamisha moyo.

Nguvu ya namna hiyo tunayo nasi. John Kirk, aliyekuja kuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alikuwemo katika safari ya Livingstone ya mto Zambezi iliyoanza 1858. Mswaki wake ulikaa mfuko mmoja na sumu ya mishale ya wenyeji, iliyotoka kwenye mmea wa kombe. Aliposugua meno alionja uchungu, na baadaye akagundua mapigo yake yamepungua. Thomas Fraser wa Edinburgh akaichunguza sumu ile, strofanthini ikapatikana, na kwa miongo mingi madaktari wa Ulaya waliidunga kwenye mishipa ya wagonjwa wa moyo. Wawindaji wetu walikuwa wameshaujua uwezo wa mmea huo kwa kumwona mnyama akianguka. Kati ya mshale na sindano kilichoongezwa ni mizani.

Mizani hiyo ndiyo ninayoiombea Kagera. Mainen Moshi wa Muhimbili na wenzake walifika Bugabo, Katoro na Kikuku kule Muleba, wakaorodhesha mimea ya waganga na kuchapisha matokeo mwaka 2009, 2010 na 2012. Kazi ile naiheshimu sana. Sasa tunahitaji kujua ni majani kiasi gani, kwa maji kiasi gani, kwa mgonjwa yupi, na mapigo yake yalikuwaje kabla na baada ya kunywa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua waganga. Basi wakae meza moja na watafiti, na jina la mganga liandikwe kwenye matokeo.

Wakati tukisubiri hayo, kuna jambo la kufanya leo. Mgonjwa anayetumia warfarini ili damu isigande, akiongeza dawa ya Kichina iitwayo danshen, anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Ukienda hospitali ya Kagondo, Ndolage au Rubya, mweleze daktari kila unachokunywa, na beba pakiti yenyewe au tawi lenye majani na maua, maana jina la mmea hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji.