Matambara ya Ebedmeleki

Asubuhi hii nawaomba mfungue Biblia zenu katika kitabu cha nabii Yeremia, mlango wa 37 na wa 38. Kama uko jikoni na mikono yako ina unga, sikiliza tu. Utasoma baadaye.

Sedekia alikuwa mfalme kwa jina. Aliwekwa kitini na mfalme wa Babeli, na moyoni alitumainia jeshi la Misri. Yeremia alipotaka kutoka mjini kwa ajili ya fungu lake la urithi, mlinzi alimkamata katika lango la Benyamini, akamshtaki kwamba anawakimbilia Wakaldayo. Yaani, kwamba ni mtu wa wageni. Hebu fikirini! Mfalme amewekwa na wageni, wakuu wake wanangojea msaada wa wageni wengine, na anayeitwa kibaraka ni nabii. Baadaye wakamshusha shimoni kwa kamba, naye akazama katika matope.

Sasa twende Nairobi, mwaka wa 1993. Katika Benki Kuu ya Kenya palikuwa na karani, David Munyakei, kijana ambaye hajatimiza miaka thelathini. Kazi yake ilikuwa kushughulikia hati za wafanya biashara waliouza bidhaa nchi za nje na kulipwa kifuta jasho na Serikali. Kampuni moja, Goldenberg, ilidai kuuza dhahabu na vito vya almasi. Sheria iliruhusu asilimia 20. Kampuni hiyo ilipewa 35, na tena ikapewa haki ya kufanya biashara hiyo peke yake. Wasikilizaji, kila mtoto wa shule anajua kwamba Kenya haina migodi ya almasi, na dhahabu yetu ni kidogo sana. Hata hivyo hati zilionyesha wanunuzi wa Uswisi na Dubai, na mamilioni yakalipwa, yakawa mabilioni.

Mlango huo ulifunguliwaje? Nchi ilikuwa na njaa ya fedha za kigeni. Mwezi wa Novemba 1991 mataifa yenye kutupa msaada yalikutana Paris, yakazuia misaada mipya, yakitaka rushwa ipunguzwe na siasa ifunguliwe. Uchaguzi wa vyama vingi ukafuata mwezi wa Desemba 1992, na uchaguzi hula fedha. Mtu aliyeahidi kuleta dola alipokelewa kama mwokozi. Sisemi kwamba wageni ndio walioiba. Walioiba walikuwa wana wa nyumba hii. Lakini mwizi wa nyumbani huhitaji jirani wa kumfichia mzigo, na benki za ng'ambo hazikukosa nafasi.

Munyakei aliona hati zisizolingana. Akauliza wakubwa wake, asipate jibu la kumridhisha. Ndipo alipotoa nakala, zikawafikia wabunge wa upinzani, na habari ikasomwa Bungeni. Alikamatwa, akashtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali ya mwaka wa 1968, sheria iliyofuata mfano wa Uingereza. (Tulifukuza bendera yao, tukabaki na kufuli zao.) Mahakama ilimwachilia, lakini benki ilikuwa imemfukuza. Alikwenda Mombasa, kisha Narok, akaishi maisha ya dhiki. Tume ya Jaji Bosire ilipoundwa mwaka wa 2003 alitoa ushahidi mbele yake, akapewa na tuzo ya uaminifu. Tuzo haikumpa kazi. Alikufa mwezi wa Julai 2006, miezi michache baada ya tume kutoa taarifa yake. Sheria ya kuwalinda mashahidi ilipitishwa mwaka huo huo, yeye akiwa kaburini. Na kwa habari ya Goldenberg, hakuna mkubwa aliyekwenda kutumikia kifungo.

Yuko mwingine. Bwana John Githongo aliwekwa na Serikali yenyewe mwaka wa 2003 ili apambane na ufisadi. Alipofuata mikataba ya Anglo Leasing, ya kampuni zenye anwani za Ulaya zisizoeleweka, ilimpasa kujiuzulu akiwa London, mwaka wa 2005. Mara wakatokea wa kusema kwamba anawatumikia Waingereza. Neno lile lile la langoni pa Benyamini! Mkataba unatiwa sahihi na anwani ya ng'ambo, fedha zinakwenda ng'ambo, na hapana anayeitwa mtu wa wageni ila yule anayesema.

Lakini nataka tumtazame Ebedmeleki. Alikuwa Mkushi, mtu wa Afrika hii yetu, mtumishi katika nyumba ya mfalme. Yeye naye alikuwa mgeni, ila mgeni wa namna nyingine. Hakuja na mkopo. Alikwenda kwa mfalme hadharani akasema watu hawa wametenda vibaya. Akapewa watu thelathini. Kisha, na hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote, alipita ghalani akachukua nguo kuukuu na matambara, akamwambia Yeremia ayatie makwapani, chini ya kamba. Alifikiri juu ya ngozi ya mtu yule.

Miaka ile yote Munyakei alikuwa shimoni, makanisa yetu yalikuwa yakifanya harambee. Wakubwa walikuja na bahasha nene, tukawapa viti vya mbele na kipaza sauti, wala hatukuuliza fedha zilitoka wapi. Je, ni mzee gani wa kanisa aliyefunga safari hadi Narok na gunia la mahindi? Ni kikundi gani cha akina mama kilichouliza karo ya watoto wake? Hayo hayakuhitaji tume, wala ruhusa ya Paris.

Tuombe. Ee Bwana, yuko karani asubuhi hii, katika ofisi ya kaunti au ya wizara, ameiona hati isiyo sawa, na usiku hakulala. Mkewe hajui. Mchungaji wake hajui. Umpe leo mtu wa kubisha hodi kwake. Amina.